Mwalimu Oboth na Vipande vya Mpira

Oboth alirudi kutoka vita vya Burma mwaka wa arobaini na sita akiwa na saa ya mkononi iliyopasuka kioo, cheo cha koplo ambacho hakikumsaidia mtu yeyote kule kijijini kwake Paya, na Kiswahili cha jeshini alichokitumia kumwamrisha hata mbuzi. Nyumbani walizungumza Dhopadhola, lakini Oboth akitaka jambo lifanyike upesi alibadili lugha. Mkewe, Athieno, alimjibu kwa Dhopadhola vilevile, wala hakuongeza mwendo, na hivyo waliishi vizuri tu.

Kazi aliipata pembezoni mwa mji wa Tororo, katika shule iliyochanganya watoto wa mjini na watoto wa mashambani. Msidhani alipewa kazi kwa sababu ya elimu. Elimu yake ilikuwa ya kusoma barua na kujibu barua, basi. Mwalimu mkuu, Bwana Omaido, alikuwa na watoto wengi waliogombana uwanjani na hakuwa na mtu wa kuwatuliza. Oboth alikuwa na kipenga na sauti. Akaambiwa aje Jumatatu, awe mwalimu wa drili.

Miaka tisa alifanya kazi hiyo kwa kibarua, muhula mmoja mmoja. Kila muhula ukiisha, Bwana Omaido alimwambia, "Tutaona, Oboth," na kila muhula ukianza Oboth alikuwa langoni na kaptura yake ya kaki imepigwa pasi. Kisimani wanawake walimtania Athieno. "Mume wako anawafundisha watoto kuruka. Kwani walikuja shuleni hawajui kuruka?" Athieno alicheka pamoja nao, akajitwika mtungi, akaenda zake. Ilimuuma. Mwalimu asiye na karatasi ya ualimu alikuwa mtu wa kupita, na mke wa mtu wa kupita hajui kesho atajiita nani.

Mwaka wa hamsini na sita ndipo lilipokuja lile neno. Walimu wote wasio na karatasi wakaguliwe. Mkaguzi angekuja kutazama somo moja tu la Oboth, la nusu saa. Akiridhika, Oboth angeandikwa kuwa mwalimu wa kudumu. Asiporidhika, muhula ukiisha arudi kwenye jembe.

"Nitalima," Oboth alimwambia mkewe. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

"Utalima nini na mgongo huo, Baba Owori? Wiki jana uliinama kufunga kamba ya kiatu, nikakuinua mimi. Tafuta hiyo karatasi."

Kumbe na somo lenyewe lilikuwa limebadilika. Kitabu kipya kilisema drili ya kusimama mistari na kunyoosha mikono imepitwa na wakati. Sasa watoto wafundishwe mpira wa miguu kwa kazi ndogo ndogo: kupiga chenga kati ya vigingi, kupeana pasi wawili wawili, kuukimbilia mpira uliopigwa mbele na kurudi nao, mwisho kucheza timu za watu wanne wanne. Kitabu kilisisitiza jambo moja, tena kwa herufi nene, kwamba asiwepo mtoto aliyesimama bure. Oboth alilisoma mara tatu. Alikuwa na watoto arobaini na wanane na mpira mmoja wa ngozi, ule wa kufunga kwa kamba, ambao ukilowa maji unakuwa mzito mpaka mtoto akiupiga kwa kichwa anaona nyota mchana. Mipira mingine waliisuka wenyewe kwa majani makavu ya migomba. Hiyo haikumsumbua. Kilichomsumbua ni namna ya kuwaweka watoto arobaini na wanane kazini kwa wakati mmoja.

Siku nne alijikuna kichwa. Siku ya tano alikwenda kulima pamba kwa jirani, kazi ya ushirika, na hapo akapata jibu.

Kilimo cha ushirika kwetu kinakwenda hivi. Mtu mzima hushika mti wa kupimia na kumkatia kila mmoja kipande chake cha kulima. Vipande vyote sawa, awe mwenye nguvu au mnyonge. Anayemaliza kwanza haweki jembe chini. Anarudi kwa aliye nyuma kabisa, anaanzia upande wa pili wa kipande cha mwenzake, wanalima wakielekeana mpaka wakutane. Kisha wanakwenda pamoja kwa mwingine aliyechelewa. Chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi, kinawangoja pale kivulini, lakini hakuna atakayeshika mrija mpaka wa mwisho afike. Oboth alikulia katika utaratibu huo tangu jembe linamzidi urefu. Hakujua kitu cha haki kuliko hicho duniani, na amini usiamini, hata Burma hakukiona.

Basi akachukua mti wa kupimia mpaka uwanjani. Akaukata uwanja vipande, kila kimoja hatua thelathini kwa urefu, akasimika vigingi. Kila mtoto na kipande chake. Unapiga chenga kwenda, unazunguka kigingi, unarudi, mara tatu. Ukimaliza usikae. Nenda kwa aliye nyuma, mkimbie naye, mpeane pasi, mpaka amalize, halafu wote wawili mwende kwa mwingine. Hilo la kurudiana halikuwamo kitabuni. Lilikuwa la Oboth mwenyewe.

Na ilipendeza, wacha tuseme ukweli. Hakuna mtoto aliyesimama, na wala hapakuwa na aliyeachwa nyuma akachekwa. Bwana Omaido alitoka ofisini na kikombe chake cha chai, akasimama kutazama mpaka chai ikapoa.

"Oboth," alisema, "hii umeitoa wapi?"

"Shambani, Bwana."

"Mkaguzi akija, fanya hiyo hiyo. Usibadilishe kitu."

Wiki ile ile alikuja Zubaida, mke wa Dauda mwenye lori. Familia yao ilikaa mjini, watu wa biashara na usafiri, na lori la Dauda ndilo lililoleta samaki wakavu kutoka Majanji, kule ziwani, kila alfajiri. Zubaida hakuingia ofisini. Alisimama ukingoni mwa uwanja, akaushika ushungi wake usipeperuke, akamngoja Oboth amalize.

"Mwalimu," alisema, "mimi ni mama yake Jamilu. Huyu mtoto ana pumu. Baba yake anasema niache kumdekeza, acheze kama wenziwe. Lakini mimi ndiye ninayemsikia akihema, si baba yake. Nimekuja kukuomba umtazame."

"Mama Jamilu, nitamtazama."

"Kila mtu ananiambia hivyo."

"Mimi nitamtazama kwa saa," alisema Oboth, akamwonyesha ile saa iliyopasuka.

Alimaanisha. Jeshini mganga mmoja wa kikosi alimfundisha kushika mshipa wa mkono wa mtu kwa vidole viwili, kuhesabu mapigo kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Sasa akanunua daftari. Akaandika majina ya watoto kumi na mmoja, wale wanyonge wa darasa: Jamilu wa kwanza, kisha mwenye mguu mfupi, aliyetoka kuugua malaria, wengine waliokuwa wadogo tu. Kila walipomaliza kazi moja uwanjani alipiga kipenga, akawashika mikono mmoja mmoja, akaandika.

Aliyoyagundua yalimshangaza mwenyewe. Mtoto aliyekaa alikuwa na mapigo themanini hivi. Akipeana pasi na mwenziwe hufika mia na kumi, wala hahemi. Akipiga chenga kati ya vigingi, mia na thelathini. Akiukimbilia mpira na kurudi nao, mia na sitini, na hapo ndipo Oboth alipojifunza kwamba kinachomchosha mtoto si kuupiga mpira bali kuufuata, na kwamba kugeuka ghafla kunamaliza nguvu kuliko kukimbia moja kwa moja. Timu za wanne wanne ndizo zilizotisha. Mtoto hana pa kupumzikia, mpira uko kwake kila mara, mapigo yanapita mia na sabini na hayashuki. Shuleni hapakuwa na mtu mwingine aliyejua mambo haya. Walimu wenziwe waliokuwa na karatasi walikuwa wakipiga kipenga na kuota jua.

Akapanga somo lake upya: kazi ngumu, kisha nyepesi, ngumu, nyepesi, na wanne wanne iwe mwisho, kwa muda mfupi. Jamilu akizidi mia na hamsini alimkalisha. Mwezi mzima ukapita na Jamilu hakubanwa kifua hata siku moja. Zubaida alimpelekea Athieno sukari na mchele, na Athieno, kwa mara ya kwanza, alibeba habari ya mumewe kisimani akiwa ameinua kichwa.

Sasa kuna Emong. Mama yake, Amoit, alikuwa Mteso, mjane, muuza samaki sokoni. Saa kumi na moja alfajiri lori la Dauda likifika, Emong alikuwa hapo kuteremsha makapu ya mama yake na kuyabeba mpaka sokoni, safari nne au tano. Halafu anakuja shuleni. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, na darasani hapakuwa na wa kumkamata mbio. Kipande chake alikimaliza wakati wengine ndio kwanza wanazunguka kigingi mara ya pili.

Basi, kwa sheria ya Oboth, Emong alirudi. Alirudi kwa Jamilu, maana wa nyuma kabisa kila siku alikuwa Jamilu. Wakimaliza, Jamilu anakalishwa ashikwe mkono, Emong anakwenda kwa mwingine. Halafu mwingine. Alikimbia kinyumenyume mbele ya wale wadogo akiwatania, "Njoo, njoo, unatembea kama unabeba maji." Walimpenda. Oboth alimpenda kuliko wote, na moyoni alijiambia kwamba huyu ndiye mtu wa ushirika hasa.

Hakumshika mkono hata siku moja. Amshike kwa nini? Shambani mtu aliyemaliza kipande chake na anakuja kwako anacheka, unamuuliza kama amechoka? Utamtukana. Hivyo ndivyo watu wetu walivyo, na Oboth alikuwa mtu wetu.

Siku ya ukaguzi ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimechelewa, ardhi imepasuka. Mkaguzi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu watoto walikuwa wamepangwa uwanjani. Saa nne wakaambiwa wasitawanyike. Saa sita Bwana Omaido alituma mtu barabarani kutazama vumbi. Watoto wa mjini walikuwa na vitu vyao, kipande cha mkate, muhogo wa kuchoma. Wa mashambani walikunywa maji, wengi wao wangekula jioni tu. Motokaa ilifika saa saba na nusu. Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu mwenye kofia pana, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Aliomba radhi kwa kuchelewa, tairi lilipasuka, na watu wakamwona muungwana.

Oboth alipiga kipenga.

Kila kitu kilikwenda kama alivyopanga. Pasi, chenga, pasi. Halafu vipande. Emong alimaliza wa kwanza, akarudi kwa Jamilu, wakamaliza, akaenda kwa mwenye mguu mfupi. Mkaguzi akaacha kuandika.

"Mwalimu, kwa nini yule anarudi?"

Oboth akamweleza habari ya ushirika, mti wa kupimia, anayemaliza kumfuata aliyechelewa. Alieleza kwa kirefu kuliko alivyokusudia, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akajaza ukurasa mzima.

"Nimezunguka shule nyingi," alisema. "Hiki sijakiona. Vizuri sana. Fanya tena, nitazame vizuri."

Wakafanya tena. Bwana Omaido alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Oboth alikuwa kwa Jamilu, vidole mkononi, macho kwenye saa. Mia na arobaini na nne. Salama. Akaandika. Roho yake ilikuwa nyepesi, aliiona ile karatasi kama vile iko mfukoni tayari.

"Mara moja tena," alisema Mkaguzi, "halafu tumalizie na hizo timu za wanne."

Mara ya tatu Emong alimaliza wa nne. Oboth alilisikia jambo hilo kabla hajalielewa, kwa sababu watoto walicheka. Emong aliukosa mpira, akakipita kigingi bila kuzunguka, akasimama, akarudi kukizunguka. Midomo yake ilikuwa myeupe. Lakini sheria ni sheria, akageuka akaenda kwa Jamilu. Hakuwa akikimbia kinyumenyume tena wala hakumtania mtu.

Oboth akapiga hesabu pale pale, hesabu ambayo angeweza kuipiga mwezi mzima uliopita na hakuipiga. Jamilu anakimbia kipande kimoja kisha anakalishwa. Emong anakimbia chake, cha Jamilu, cha mwenye mguu mfupi, cha aliyetoka kuugua. Vinne, mara nyingine vitano. Mara tatu kwa siku ya leo. Jembe unaweza kuliegemea ukapumua, hakuna atakayekuona. Mpira hauegemewi. Wale kumi na mmoja aliowalinda walilindwa kwa miguu ya Emong, na daftari lote halikuwa na jina lake.

Akaenda akamshika mkono. Jua lilikuwa linachoma na ule mkono ulikuwa wa baridi. Mapigo hayakuhesabika. Yalikuja mengi pamoja, yakaruka, yakapotea, yakaja tena.

"Kaa chini."

"Mwalimu, Jamilu bado."

"Kaa chini, nimesema."

Akapiga kipenga kirefu, cha mwisho wa somo. Watoto wakasimama walipo.

Mkaguzi alitazama saa yake. "Mwalimu, bado dakika kumi na mbili. Sijaona timu."

Mnajua alichokuwa anakifikiri Oboth wakati ule? Alimfikiria Athieno na mtungi wake. Aliniambia mwenyewe, hakuona haya. Alijua kwamba ingetosha kumkalisha Emong kando kimyakimya, kuwaendesha wengine kwa dakika kumi na mbili, na karatasi ingekuwa yake.

"Somo hili lina makosa, Bwana," alisema. "Ni mimi nimelipanga vibaya."

Bwana Omaido, aliyesimama nyuma yake, alimvuta shati.

"Sioni kosa," alisema Mkaguzi. "Mvulana amechoka. Wavulana huchoka."

"Bwana, wanyonge wote wamewekwa juu ya mabega ya mmoja. Mimi nilikuwa nahesabu wa nyuma. Wa mbele sikuhesabu."

"Lakini huo ndio uzuri wake," Mkaguzi alisema, kwa upole kabisa. "Mwenye nguvu anamsaidia asiye na nguvu. Ninyi wenyewe ndivyo mnavyolima, si umeniambia?"

Emong alitapika maji matupu, akajilaza ubavu juu ya ile ardhi iliyopasuka. Oboth akamtupa mgongoni, mgongo ule ule uliokuwa haufungi kamba ya kiatu, na akaondoka naye mbio kuelekea hospitali, maili moja na nusu. Hakuaga. Alimwacha Mkaguzi na Bwana Omaido wamesimama katikati ya uwanja.

Emong hakufa. Alilala wodini siku kumi na tisa, na daktari akasema moyo wake umeumia, pengine ulikuwa na hitilafu tangu zamani, pengine ni kazi nyingi na chakula kidogo, hakuna awezaye kujua. Asikimbie. Asibebe makapu. Alipotoka alitembea kama mzee, akipumzika kila baada ya nyumba tatu.

Siku ya pili ya Emong wodini, Amoit alimkuta Oboth kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja na alinuka samaki. Akaketi.

"Mwalimu, watoto wanasema wewe ulikuwa na daftari. Wanasema unahesabu mioyo yao."

"Ndiyo, Mama Emong."

"Wangu alikuwa ngapi?"

Oboth alitazama viatu vyake. Alipigana Burma mtu huyu, alitambaa katika matope na risasi zikipita juu ya kofia yake, lakini alisema hakuna siku aliyotamani kuikimbia kama ile.

"Yeye sikumhesabu, mama. Alikuwa na nguvu."

Amoit alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, polepole.

"Ndiyo," alisema. "Ana nguvu. Kila siku kuanzia saa kumi na moja ana nguvu."

Hakumtukana wala hakumlaani. Aliinuka akaingia wodini kwa mwanawe, na Oboth akabaki pale mpaka benchi likahitajika na wengine.

Ripoti ilikuja baada ya wiki sita. Mwalimu huyu hana mamlaka juu ya somo lake, ilisema. Alilisimamisha kabla ya wakati, akakiri mwenyewe kwamba lina makosa, akaondoka bila ruhusa. Haifai aandikwe. Bwana Omaido alimsomea kwa sauti ya chini, akaikunja, na safari hii hakusema "Tutaona." Athieno alipoambiwa aliuliza kama mtoto wa Amoit anakula. Oboth akasema anakula uji. "Basi kesho tuanze kulima pale bondeni," alisema Athieno, "mimi nitalima, wewe utapanda."

Lakini ripoti ilikuwa na ukurasa wa pili ambao Oboth hakusomewa. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, alikuwa akipita njia ya Mwello na jembe begani, akasikia kipenga, akageuza kichwa. Uwanja wa shule ndogo ulikuwa umekatwa vipande. Vigingi, hatua thelathini. Watoto walipiga chenga kwenda na kurudi, na mmoja aliyemaliza, msichana mwembamba, aligeuka akamrudia wa nyuma.

Oboth akavuka mtaro, akaingia uwanjani na jembe lake.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, jina lake Elinah, ametoka chuo mwaka ule. Aliona mzee mwenye matope anamjia akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, hapa ni shuleni. Unamtafuta nani?"

"Hii kitu unafundisha, nani alikupa?"

Elinah alikuwa na karatasi mkononi, imepigwa taipu, ina muhuri wa ofisi ya ukaguzi. Zilikuwa zimegawiwa shule zote za upande ule. Ilieleza habari ya mti wa kupimia, kipande, na anayemaliza kumrudia aliyechelewa. Oboth aliisoma akisimama. Maneno mengi yalikuwa yake mwenyewe, kama alivyoyasema siku ile kwenye jua. Jina lake halikuwamo, na hilo halikumuuma. Alitafuta neno moja tu la kusema mwenye nguvu naye apimwe, hakuliona.

"Mwalimu," alisema, akimrudishia karatasi, "hii ni mimi nilitengeneza. Na nilitengeneza vibaya. Kuna mtoto yuko nyumbani kwa mama yake, mgonjwa wa moyo, kwa sababu ya hii."

"Una cheti, mzee?"

"Sina."

"Sasa mimi nitamwambia nini mkaguzi?"

"Usimwambie kitu. Nipe mkono wa yule wa mbele, dakika moja tu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze baadaye."

Elinah alifikiri. Alitazama ofisi ya mwalimu mkuu, mlango ulikuwa umefungwa. Akapiga kipenga, akamwita yule msichana. Jina lake Apendi. Alikuja anakimbia, anacheka, akanyoosha mkono kwa mzee asiyemjua kwa sababu mwalimu amesema. Oboth akaweka vidole viwili, akatazama ile saa ya kioo kilichopasuka, na midomo yake ikawa inasogea kimya kimya.

"Mia na tisini na mbili," alisema. "Amekula nini leo?"

Elinah alimuuliza mtoto. Mtoto akaacha kucheka, akatazama chini.

"Akae kivulini," alisema Oboth. "Na wa nyuma wasubiriane wenyewe, wamalize polepole, hawatakufa."

Elinah alichomoa penseli nyweleni, akageuza ile karatasi yenye muhuri, akaandika nyuma yake Apendi, na ile namba. Kisha akauliza vidole vinawekwa wapi hasa, na Oboth akamwonyesha.

Mwaka ule alizunguka shule kumi na moja, kwa miguu, siku ambazo shamba lilimruhusu. Hakuna aliyemtuma. Tano zilimfukuza, moja kwa mbwa. Katika zile sita zilizobaki mtoto aliyekuwa mbele ndiye aliyeshikwa mkono kwanza.